Sisimizi katika Bustani ya Shule

Tuseme shule yenu iko karibu na mji wa Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu. Ni mwezi wa Machi. Mvua inanyesha, na pamba katika mashamba ya wazazi imekwisha kutoa maua. Darasa la Tano limelima matuta mawili mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu na kuyatia samadi ya ng'ombe. Katika tuta la kwanza mmesia mbegu za maua. Katika tuta la pili mmepanda miche ya mawaridi. Katikati mmepanda ukoka, ili pawe na uwanja mdogo wa nyasi fupi. Kuzunguka yote hayo ni ua wa minyaa, kama ilivyo desturi katika sehemu nyingi za Usukuma.

Siku chache baadaye mnakuta sisimizi wakipita kwa mstari juu ya tuta la kwanza. Baadhi yao wamebeba mbegu zenu. Wiki ya tatu vilima vidogo vya udongo vinatokea kwenye ukoka, na nyasi zilizo karibu navyo zinageuka rangi ya manjano. Katika tuta la pili machipukizi ya mawaridi yamejikunja, na sisimizi wamejaa juu yake wakipanda na kushuka.

Mwanafunzi mmoja anasema, "Nyumbani kwetu imebaki dawa ya pamba. Kesho nitaileta, tuwamwagie wote wafe."

Je, mngemkubalia? Usijibu upesi. Kwanza yatupasa kujua ni mdudu gani aliyefanya nini. Utaona kwamba katika bustani hii wamo wadudu wa namna kadhaa, na kwamba anayeonekana sana siye lazima aliye mharibifu.

Mwili wa sisimizi

Mtege sisimizi mmoja kwa kipande cha karatasi, umwingize katika chupa ya kioo iliyo safi. Usimshike kwa vidole, kwa maana aina nyingine huuma au hudunga. Mtazame kwa lenzi ikiwa shule yenu inayo. Mwili wake umegawanyika katika sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Miguu yake ni sita, nayo yote imeota kwenye kifua. Kati ya kifua na tumbo kuna kiuno chembamba sana. Kichwani ana papasi mbili, zilizopindika kama kiwiko cha mkono wako. Kwa papasi hizo hunusa na kugusa.

Sasa tafuta mchwa mmoja chini ya ubao mkuukuu au katika kinyesi kikavu cha ng'ombe, umweke katika chupa ya pili. Walinganishe. Mchwa ni mweupe na laini. Hana kiuno chembamba, na papasi zake zimenyoka kama uzi wenye shanga ndogo. Watu wengi hudhani kwamba mchwa ni sisimizi mweupe. Sivyo. Mchwa ni jamaa wa mende, na sisimizi ni jamaa wa nyigu na nyuki. Wanafanana kwa tabia tu, kwa kuwa wote huishi pamoja kwa wingi na wote wana malkia. Kumbikumbi wanaoruka baada ya mvua za kwanza, ambao hukaangwa na kuliwa, ni mchwa wenye mabawa. Vichuguu virefu unavyoviona mbugani ni nyumba za mchwa.

Sisimizi wafanyakazi, wale unaowaona njiani kila siku, wote ni majike, ingawa kwa kawaida kazi ya uzazi ni ya malkia. Malkia hukaa chini ndani ya kiota na kutaga mayai. Yai hutoa buu mweupe asiye na miguu, buu hugeuka kuwa pupa, na pupa hutoa sisimizi kamili. Ukifukua kiota utawaona wafanyakazi wakikimbia na vitu vyeupe mdomoni. Watu husema, "Wanahamisha mayai." Kwa kweli vingi vya vitu hivyo ni mabuu na pupa. Mayai yenyewe ni madogo mno hata ni shida kuyaona kwa macho.

Malkia wa aina nyingine huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Jambo hili ni muhimu kwa mtunza bustani. Ukiwakanyaga wafanyakazi mia moja, malkia hutaga mayai mengine, na baada ya muda njia hujaa tena kama zamani.

Sisimizi hujuaje njia?

Katika bustani yenu sisimizi hawatembei ovyo. Hufuata mstari mmoja, kana kwamba mtu amewachorea. Fanyeni jaribio hili mjue sababu yake.

Weka punje chache za sukari katikati ya karatasi safi, kisha ilaze karatasi hiyo karibu na njia ya sisimizi. Ngoja mpaka wapatikane wengi wanaokwenda na kurudi juu ya karatasi. Sasa izungushe karatasi polepole, ili upande uliotazama mashariki utazame magharibi. Uwatazame sisimizi walio karatasini. Wanafanya nini wanapofika ukingoni?

Utaona kwamba wanasita. Wanageuka huku na huku, na papasi zao zinagusagusa chini. Sababu ni kwamba sisimizi aliyeona chakula hurudi nyumbani akiacha harufu ardhini, na wenzake huifuata kwa papasi. Wewe huwezi kuinusa harufu hiyo. Ulipoizungusha karatasi, uliigeuza barabara yao. Ngoja dakika chache, nao watatengeneza barabara mpya.

Jaribio hili lina faida katika bustani. Sisimizi wakianza kuingia darasani au ghalani, kufagia peke yake hakutoshi, kwa sababu harufu hubaki sakafuni. Sugueni njia yao kwa kitambaa chenye maji na sabuni, na mwondoe kile walichokifuata.

Wezi wa mbegu

Turudi kwenye tuta la kwanza. Sisimizi wanaochukua mbegu ni wavunaji. Chakula chao kikubwa ni mbegu za majani ya porini, nao huziweka akiba katika vyumba vya chini ya ardhi. Kiota chao ni rahisi kukitambua. Karibu na mlango kuna rundo la makapi, na mara nyingi pamezungukwa na sehemu tupu isiyo na nyasi. Katika nchi kavu yenye nyasi nyingi kama Simiyu wavunaji hupata chakula tele. Mtu akianika mtama au uwele chini karibu na kiota chao, huenda akawaona wakija kuchukua sehemu yao.

Wavunaji hawana nia ya kuharibu maua yenu. Kwao, mbegu ya ua na mbegu ya majani ya porini ni mamoja. Kwa hiyo dawa yake ni kuwazuia wasizifikie. Zifukieni mbegu kwa udongo wa kutosha, msiziache wazi juu ya tuta. Majivu makavu yaliyonyunyizwa kuzunguka tuta huwazuia kwa muda, lakini mvua ikinyesha hayana nguvu tena. Msizidishe majivu, kwa maana yakiwa mengi huuharibu udongo.

Njia iliyo bora ni kuotesha miche katika sanduku la mbao lililowekwa juu ya meza. Kila mguu wa meza uusimamishe ndani ya kopo lenye maji. Tia tone la sabuni katika maji hayo ili sisimizi asiweze kutembea juu yake. Meza isiguse ukuta wala tawi, kwa sababu hilo litakuwa daraja. Maji yabadilishwe kila siku ya tatu. Je, unaweza kueleza kwa nini? Kumbuka mliyojifunza juu ya mbu.

Vilima katika ukoka

Udongo wa Simiyu si wa namna moja. Mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga, ambao hunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyufa zake ni nyumba ambazo sisimizi hawakuzitolea jasho. Miinukoni kuna udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni. Huu ni rahisi kuchimba, na vilima vidogo huonekana zaidi huko.

Sisimizi wanaoishi chini ya ukoka kwa kawaida hawali mizizi yake. Nyasi hukauka kwa sababu udongo umetobolewa, na mizizi imebaki katika hewa tupu isiyo na maji. Lakini matundu hayohayo huingiza hewa na maji ardhini mahali pengine, na udongo wa chini huletwa juu. Mkulima hufanya kazi kama hiyo kwa jembe. Kwa hiyo kilima kimoja au viwili kando ya uwanja si neno. Viacheni.

Ikiwa kilima kiko mahali mnapochezea, subirini kikauke, kisha mkisambaze kwa reki au ufagio. Halafu mwagieni maji mengi mahali hapo kila jioni kwa siku kadhaa. Sisimizi wengi hupenda kiota kikavu, nao wakisumbuliwa hivyo huhama. Watu wengine hutumia maji yanayochemka. Maji hayo huua sisimizi, lakini huua na ukoka pia, na yanaweza kumwunguza mtoto vibaya. Mwanafunzi asiyaguse kabisa. Mafuta ya taa nayo yasimwagwe. Nyasi zitakauka kabla sisimizi hawajahama, na mafuta yenyewe ni ghali.

Ng'ombe wa sisimizi

Sasa tufike kwenye mawaridi. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea.

Chukua chipukizi lililojikunja na uligeuze uone upande wa chini wa majani. Utakuta wadudu wadogo sana, laini, wa kijani au weusi, wamekaa bila kwenda popote. Hao ni vidukari. Kila mmoja ana mdomo mfano wa sindano, na ameuchoma ndani ya jani ili anyonye utomvu. Vidukari ndio wanaoyakunja majani. Sisimizi hawakuyala mawaridi yenu hata kidogo.

Basi sisimizi wanatafuta nini pale? Utomvu una sukari nyingi kuliko anayoihitaji kidukari. Sukari iliyozidi huitoa nyuma ya mwili wake kama tone la maji matamu. Sisimizi humgusa kidukari kwa papasi, kidukari hutoa tone, na sisimizi hulinywa. Mkitazama kwa lenzi na kwa subira mnaweza kuliona jambo hili likitendeka. Linafanana sana na mtu anayekama ng'ombe, nanyi wana wa wafugaji mtalielewa upesi kuliko watoto wa mjini.

Mfugaji huilinda mifugo yake na fisi, na sisimizi naye huwalinda vidukari na adui zao. Yuko mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu au wa rangi ya machungwa, mwenye madoa meusi. Yeye na watoto wake hula vidukari wengi sana. Akitua juu ya chipukizi lenye sisimizi, sisimizi humshambulia na kumfukuza. Matokeo yake ni kwamba vidukari huongezeka bila kizuizi. Nao huzaa upesi ajabu. Kidukari jike anaweza kuzaa watoto hai bila kukutana na dume, na katika joto mtoto huyo huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi.

Vidukari wanajulikana vizuri katika mashamba ya pamba ya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Wakiwa wengi mwishoni mwa msimu, tone lile tamu hudondokea pamba iliyopasuka. Pamba hiyo hunata, na kiwandani huzisumbua mashine za kusokotea nyuzi. Juu ya majani yenye maji matamu huota ukungu mweusi kama masizi, unaolizuia jani lisipate mwanga wa jua.

Fanyeni jaribio hili kwa muda wa siku 10. Chagueni miche miwili ya waridi yenye vidukari karibu sawa kwa wingi. Zungusheni kitambaa kwenye shina la mche wa kwanza, chini ya majani, mkifunge vizuri, kisha mpake grisi nzito juu ya kitambaa. Grisi isipakwe kwenye gome lenyewe, maana huliunguza. Hakikisheni kwamba hakuna jani linalogusa ardhi wala mche mwingine. Wapukuteni sisimizi waliokwisha kupanda. Mche wa pili uacheni kama ulivyo. Kila siku, saa ileile, hesabuni vidukari katika chipukizi moja la kila mche, na mwandike hesabu katika daftari. Andikeni pia wadudu wengine mliowaona.

Mara nyingi, mche usio na sisimizi hutembelewa na mbawakawa wale wenye madoa, na vidukari wake hupungua. Lakini pengine hamtaona tofauti kubwa. Huenda adui wa vidukari ni wachache mahali penu, au sisimizi wamepata daraja ambalo hamkuliona. Andikeni mlichokiona, wala si kile kilichoandikwa hapa.

Kama vidukari ni wachache, wanaweza kuondolewa kwa vidole au kwa maji ya kopo yamwagwayo kwa nguvu. Wakiwa wengi, yeyusheni kipande kidogo cha sabuni ya kufulia katika ndoo ndogo ya maji, mwoshe machipukizi jioni, na asubuhi mwoshe tena kwa maji matupu. Jaribuni kwanza kwenye jani moja. Maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha nayo husaidia.

Yuko mharibifu mwingine wa kuangaliwa. Ukikuta mche umenyauka ghafla, na shina lake limefunikwa kwa udongo mkavu kama bomba, sisimizi hahusiki. Huyo ni mchwa. Ng'oa mche uliokufa, ondoa vijiti vikavu na samadi mbichi iliyo karibu, na umwagilie maji miche iliyosalia, kwa sababu mchwa hupenda zaidi mmea uliodhoofika kwa ukame.

Sisimizi wanaolinda

Hadithi ya vidukari isikufanye umchukie kila sisimizi. Mwaka mzima sisimizi hula mayai ya wadudu, viwavi wadogo na mizoga midogomidogo. Wanasayansi wamekwisha kujua zaidi ya aina 13,000 za sisimizi duniani, na kila aina ina kazi zake.

Mfano mmoja mzuri unatoka Zanzibar. Huko minazi ilikuwa ikiangusha nazi changa. Aliyezidhuru ni mdudu mmoja anayefyonza nazi zikiwa bado ndogo. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu kutoka Uingereza, Michael Way, aliichunguza minazi hiyo. Aliona kwamba mnazi wenye majimoto wengi ulisalimika. Majimoto ni wale sisimizi wekundu ambao hushona majani kuwa kiota, na pengine umewahi kuwakuta ukipanda mwembe. Asidi yao huwasha kama maji ya moto, na ndiyo asili ya jina lao. Waliwafukuza wale wafyonzaji. Lakini mahali ambapo sisimizi wadogo wa kahawia wanaoishi ardhini waliwashinda majimoto, nazi ziliendelea kuanguka. Kwa hiyo, hata mnazi mrefu hutegemea sisimizi wa aina gani wanaotawala chini yake. Nchini China wakulima wa machungwa walikuwa wakitundika viota vya jamaa zao majimoto katika miti yao zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Huko kwenu, nendeni mbugani mkatazame migunga mifupi yenye vinundu vyeusi, ile ambayo upepo ukivuma hulia kama filimbi. Ndani ya vinundu wanaishi sisimizi wadogo. Mbuzi au twiga akianza kula majani, hutoka kwa hasira na kumwuma mdomoni. Mti umewapa nyumba, nao wanaulinda.

Wako pia sisimizi wakubwa weusi wanaotembea kwa mstari mmoja kwenda kuwavamia mchwa. Wengi huwaita sungusungu. Wakimaliza vita hurudi kila mmoja na mchwa mdomoni. Mwaka 2017 watafiti waliowachunguza huko Côte d'Ivoire walieleza jambo la ajabu: sungusungu huwabeba wenzao waliojeruhiwa na kuwarudisha nyumbani, na wengi wa majeruhi hao hupona. Jina la mdudu huyu linafahamika sana Usukuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Unyamwezi na Usukuma walipounda vikundi vya ulinzi dhidi ya wezi wa ng'ombe, vikundi hivyo viliitwa Sungusungu. Waulize wazee wakueleze.

Siafu ni habari nyingine. Hawana kiota cha kudumu, huhama, na hula kila kiumbe kisichoweza kukimbia. Ukiona jeshi lao linaingia uani, usilichezee. Mwambie mtu mzima upesi, ili watoto wachanga waondolewe, kuku wanaoatamia watolewe bandani, na ndama wafunguliwe. Siafu watapita, na huenda wakaiacha nyumba bila mende wala panya.

Kuhusu dawa ya pamba

Sasa tumjibu mwenzetu aliyetaka kuleta dawa kutoka nyumbani.

Zamani jambo hilo lingeonekana la busara. Mwaka 1939 Paul Müller, mwanakemia wa Uswisi, aligundua kwamba D.D.T. huua wadudu, na mwaka 1948 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Unga wa D.D.T. ulienea kote duniani, na kwa mchwa na sisimizi watu walitumia sumu nyingine ziitwazo aldrini na dieldrini. Baadaye ilionekana kwamba sumu hizo haziozi upesi. Hukaa udongoni miaka mingi, huingia katika samaki na ndege, na hatimaye katika mwili wa binadamu. Mwaka 2001 nchi nyingi zilikubaliana huko Stockholm kuziondoa aldrini na dieldrini, na D.D.T. ikabakizwa kwa kazi ya kupambana na wadudu wanaoeneza magonjwa kama malaria tu.

Dawa za pamba za siku hizi ni tofauti, lakini nyingi kati yake huua kwa kuharibu mishipa ya fahamu ya mdudu. Binadamu naye ana mishipa ya fahamu. Mkulima mwangalifu huvaa nguo zinazofunika mwili wote anapopiga dawa shambani, na haruhusu watoto wakaribie. Katika ukoka wa shule watoto hutembea pekupeku, hukaa chini, na hula maembe kwa mikono hiyohiyo iliyogusa nyasi. Kuku wa jirani hupekua papo hapo. Tena dawa huwaua mbawakawa wanaokula vidukari pamoja na vidukari wenyewe. Mnajua sasa ni yupi kati yao anayezaa upesi zaidi. Baada ya wiki chache mawaridi yatakuwa na vidukari wengi kuliko mwanzo, wala hapatakuwa na wa kuwala.

Kwa sababu hizo, jibu ni hapana. Chupa au kopo la dawa ya pamba lisiletwe shuleni hata kama limeoshwa, na lisitumiwe kunywea wala kuchotea maji. Nyumbani likae mahali palipofungwa, mbali na chakula. Ikitokea mtu amemwagikiwa na dawa, avuliwe nguo zilizolowa na aoshwe kwa maji mengi na sabuni. Ikiwa ameimeza, asilazimishwe kutapika. Apelekwe zahanati mara moja, na chupa yenye maandishi ya dawa ipelekwe pamoja naye ili mganga ajue ni sumu gani.

Kazi ya kufanya

Gawanyikeni katika vikundi vya watu watano. Kila kikundi kichague kiota kimoja cha sisimizi katika eneo la shule na kukitazama kwa wiki mbili, asubuhi na jioni. Chorni ramani ya njia zote zinazotoka katika kiota hicho, na muonyeshe kila njia inaishia wapi: kwenye mbegu, kwenye vidukari, kwenye mzoga wa mdudu, au jikoni. Jioni moja wekeni mbele ya mlango wa kiota punje ya sukari, chembe ya mafuta ya nyama na punje ya uwele, zikiwa mbalimbali kidogo. Ni kipi kilichochukuliwa kwanza? Vikundi vyote vikimaliza, unganisheni ramani zenu kwenye ubao. Kisha kila kikundi kiseme kama kiota chake kiachwe mahali kilipo au kihamishwe, na kitoe sababu zake.